Orodha Tupu: Moduli ya OpenMRS Inavyopimwa Nje ya Programu Mama

Muuguzi aliitazama skrini, kisha akanigeukia. "Kaka, kweli mwezi huu hakuna hata mtoto mmoja aliyepungua uzito?"

Nilikuwa nimekaa kando yake, na jibu nililijua. Kwenye rejista ya karatasi iliyokuwa mezani nilikuwa nimeona kwa macho yangu watoto wanne ambao kilo zao zilishuka. Skrini ilionyesha orodha tupu, bila ujumbe wowote wa kosa. Na usiku uliotangulia, hapa Obokote, kwenye kompyuta inayochajiwa kwa paneli ya jua, majaribio yote ya moduli yangu yalikuwa yamepita.

Heri mfumo ulikuwa bado haujaanza kazi rasmi, na rejista ya karatasi ndiyo iliyokuwa ikifuatwa. Lakini orodha tupu ya watoto waliokonda husomwa kama habari njema, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kosa la namna hii humkuta kila anayeandika kifurushi cha kutumiwa na wengine, iwapo kifurushi chenyewe hakiwezi kusimama bila programu ya wengine inayokipokea, yaani mwenyeji wake. Nitaeleza lilikojificha na jinsi ninavyopima moduli tangu siku ile.

OpenMRS ni programu ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika kwa kivinjari. Ilianza mwaka 2004, pale Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, Marekani, walipokuwa wakihangaika na takwimu za wagonjwa wa UKIMWI mjini Eldoret, Kenya, katika mpango wa AMPATH unaoviunganisha Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Rwanda iliichukua mapema kupitia shirika la Partners In Health. Leo KenyaEMR na UgandaEMR zote mbili zimejengwa juu yake. Kwa hiyo ni programu iliyokulia kwetu, na mwandishi wa msimbo wa Afrika Mashariki anayetaka kujifunza ujenzi wa vifurushi hana haja ya kutafuta mfano mbali.

Ujenzi wake ni wa kiini na moduli. Kiini kinamiliki mambo ya msingi: mgonjwa, hudhurio, kipimo, mtumiaji, ruhusa, na kamusi ya dhana ambamo kila kitu kinachoweza kupimwa au kuulizwa hospitalini kina jina na namba yake. Moduli huongeza kazi juu ya hapo. Yangu ilikuwa ndogo: isome vipimo viwili vya mwisho vya uzito wa kila mtoto, ivilinganishe, na itoe orodha ya waliopungua. Haina jedwali lake la wagonjwa wala la watumiaji, kila inachokigusa ni mali ya mwenyeji. Utaipimaje basi bila kuusimamisha mfumo mzima wa hospitali kila unapobadilisha mstari mmoja?

Watu wa OpenMRS walilijibu swali hilo kwa namna ninayoiheshimu. Kiini chenyewe kinatoa uwanja wa majaribio na kuusambaza pamoja na matoleo yake. Moduli inarithi darasa liitwalo BaseModuleContextSensitiveTest, na darasa hilo linaiwasha Spring, linaunganisha huduma halisi za kiini, linafungua hifadhidata ya H2 inayoishi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta tu, linapakia faili la data liitwalo standardTestDataset.xml, kisha linaingia kama msimamizi mkuu. Jaribio likiisha, yote yaliyoandikwa yanafutwa. Huhitaji seva ya MySQL wala intaneti, ilimradi vifurushi vya Maven umeshavipakua. Mimi huvipakua nikiwa mjini Kindu, kisha nafanya kazi hapa kwa amri ya `mvn -o test`. Kwa anayehesabu saa za betri, huo ni msaada mkubwa.

Ukilifungua lile faili la data utaona alama za kule mfumo ulikozaliwa. Mgonjwa namba 7 anaitwa Collet Chebaskwony na namba 8 ni Anet Oloo, majina ambayo Mkenya yeyote atayatambua. Pembeni yao kuna Horatio Hornblower, nahodha wa riwaya za Kiingereza, na kituo cha matibabu kinachoitwa Xanadu. Ndani ya kamusi, dhana ya uzito kwa kilo ina namba 5089.

Namba hiyo ndiyo iliyonipotosha. Nilikuwa nimeandika `getConcept(5089)` na kuendelea na mengine. Katika data ya majaribio jibu lilikuwa sahihi kila mara, kwa sababu 5089 ni uzito. Katika kamusi ya CIEL, ambayo mifumo mingi ya OpenMRS huitumia, uzito pia ni 5089, na hapo nikajiona nimehakikisha mara mbili. Lakini kituo kile kilikuwa kimeijenga kamusi yake kwa kuingiza dhana chache ilizozihitaji tu, na hifadhidata ikazipa namba zake yenyewe kuanzia mwanzo. Dhana namba 5089 haikuwapo. Huduma ya kiini haikurudisha kitu, na mimi, kwa kutaka programu isianguke mbele ya watu, nilikuwa nimeandika kwamba dhana ikikosekana irudishwe orodha isiyo na mtu. Kila kipande peke yake kilikuwa na hoja, lakini vilipokutana vikasema uongo juu ya watoto.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema dawa ni kuongeza majaribio. Majaribio niliyokuwa nayo yalitosha kwa idadi, ila yote yalifanyika katika nyumba moja, na nyumba hiyo nilikuwa naijua kila kona. Moduli inayotegemea programu ya mwingine ina mambo mawili ya kuthibitisha: kwamba hesabu yake ni sahihi, na kwamba inajua kuuliza kwa mwenyeji yeyote yule. Data ya kawaida ya OpenMRS inakusaidia sana kwenye la kwanza. Kwenye la pili inakudanganya, kwa kuwa imeshakujibu kabla hujauliza.

Nilianza kwa kuuondoa utegemezi ule mbaya. Namba ya ndani ya hifadhidata haipaswi kuonekana popote kwenye moduli. Sasa uzito unatafutwa kwa rejea: dhana yoyote ambayo mwenyeji ameifunga na msimbo 5089 wa CIEL, hata kama kwake ina namba 12 au 90000. Na kama mwenyeji hatumii CIEL kabisa, anaandika UUID ya dhana yake kwenye mipangilio, na moduli inaisoma hapo. Milango ni hiyo miwili tu, na imeandikwa kwenye maelezo ya moduli.

Kisha nikabadilisha nyumba. OpenMRS ina alama ya `@SkipBaseSetup` inayozuia data ya kawaida isipakiwe. Nikaitumia, nikapakia mwanzo mdogo unaotolewa na kiini, halafu juu yake nikaweka faili langu. Ndani yake uzito ni dhana namba 70001, na namba 5089 nimeipa kikohozi kwa makusudi. Mtoto mmoja ameshuka kutoka kilo 12.4 hadi 11.1, mwingine amepanda, wa tatu ana kipimo kimoja tu. Moduli ya zamani ilianguka hapo hapo. Mpya ikamtaja mtoto mmoja, yule aliyeshuka. Faili la pili halina dhana ya uzito kabisa, na jaribio lake linadai kwamba moduli ikatae kufanya kazi na iseme kwa maneno yanayosomeka ni kitu gani inachokikosa. Jaribio hilo la pili naliona ni la thamani kuliko yote niliyowahi kuandika, kwa kuwa linalinda pale ambapo muuguzi hana njia ya kujua kwamba amedanganywa.

Uwanja ule wa majaribio unaficha mambo mengine matatu, nami niliyagundua moja baada ya jingine.

La kwanza ni ruhusa. Darasa la msingi linaingia kama msimamizi mkuu, na msimamizi mkuu hakataliwi kitu. Hospitalini hakuna muuguzi wa aina hiyo. Nilipoongeza kwenye data yangu mtumiaji mwenye ruhusa ya kuona wagonjwa na vipimo tu, moduli iligoma, kwa kuwa ilikuwa inasoma kamusi bila ruhusa ya Get Concepts. Kiini kinakuwezesha kuazima ruhusa kwa muda mfupi ndani ya msimbo na kuirudisha kazi ikiisha, hata pakitokea kosa katikati. Ukisahau kuirudisha, umeacha mlango wazi kwenye mfumo wenye siri za wagonjwa, kwa hiyo na hilo lina jaribio lake.

La pili ni majedwali. Moduli inayoongeza jedwali lake huandika mabadiliko kwa Liquibase, na ndiyo yanayotekelezwa siku ya kuisimika. Kwenye majaribio ya H2, kwa kawaida Hibernate huyajenga majedwali yenyewe kutokana na madarasa ya Java. Faili la Liquibase haliguswi. Linaweza kuwa na kosa la wazi, majaribio yote yakapita, na moduli ikashindwa kuwaka kwenye MySQL ya kwanza itakayokutana nayo.

La tatu linafanana na hilo: msimbo wa kuwasha moduli, ule unaoitwa mara mwenyeji anapoipokea, hauitwi kabisa katika majaribio haya, kwa kuwa moduli haipiti njia yake ya kawaida ya kuingia. Kwa hayo mawili ya mwisho hakuna hila ya hifadhidata ya ndani ya kumbukumbu itakayokusaidia. Inabidi kusimamisha OpenMRS kamili, na kifaa cha `openmrs-sdk` kinafanya hivyo kwa amri chache. Nafanya hivyo mara moja kabla ya kila toleo, kwa kuwa kinakula betri na muda.

Waandishi wa vifurushi vya Laravel, kiunzi cha PHP, walipata somo lilelile kwa njia ya ghafla. Mwezi Septemba 2020 toleo la 8 lilihamisha darasa la mtumiaji kutoka `App\User` kwenda `App\Models\User`, na kila kifurushi kilichoandika jina la kwanza moja kwa moja kikakwama kwenye miradi mipya. Vilivyosalimika ni vile vilivyouliza mipangilio ya mwenyeji ni darasa lipi analotumia. Django, kiunzi cha Python, ilikuwa imeuweka mlango huo tangu toleo la 1.5 mwaka 2013, kwa mpangilio wa AUTH_USER_MODEL. Laravel pia ina Testbench ya Mior Muhammad Zaki wa Malaysia, inayompa mwandishi wa kifurushi programu tupu ya Laravel ya kujaribia. Nimeutumia uwanja wa OpenMRS na huu wa Testbench, na napenda zaidi utupu wa Testbench: unalazimika kuleta data yako mwenyewe, kwa hiyo unalazimika kufikiri ni kipi hasa unachomdai mwenyeji. Ila OpenMRS inashinda kwa kuwa uwanja unatoka kwa kiini chenyewe na unakwenda nacho toleo kwa toleo.

Matoleo nayo yana kazi yake. Kuanzia 2.4 kuna darasa la msingi la JUnit 5 ndani ya kifurushi kingine, na vituo vyetu haviboreshi mifumo kwa siku moja. Nimeweka namba ya toleo la kiini kama kigezo kwenye faili la Maven, na majaribio yaleyale nayaendesha mara mbili: kwa toleo la zamani ninaloahidi kulihudumia na kwa jipya ninalolijua. Yakipita upande mmoja tu, sitoi moduli.

Nilirudi kwa yule muuguzi wiki mbili baadaye. Alifungua rejista upande mmoja na skrini upande mwingine, akasoma majina kwa sauti huku akiweka kidole kwenye kila mstari. Wanne walikuwa wanne, na wa nne alikuwa na kipimo kilichoandikwa siku ileile asubuhi. Ndugu mwandishi wa moduli, kabla hujampelekea mtu kazi yako, badilisha namba zote katika data yako ya majaribio, kisha iendeshe tena.