Sasisha nini? Istilahi za kusakinisha programu zinavyompoteza msomaji

Istilahi nyingi za kompyuta katika Kiswahili zilizaliwa kwenye menyu. Mtafsiri aliliona neno la Kiingereza limekaa juu ya kitufe, akalitafutia kisawe, akalipachika papo hapo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotupa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ulifanya kazi ya aina hiyo, na ilikuwa kazi ya kupongezwa. Kwenye menyu neno husaidiwa na picha na maneno jirani. Hata likiwa bovu, mtumiaji atabofya aone kitakachotokea. Mambo ni tofauti kwenye mstari wa amri, yaani ile skrini nyeusi ambapo mtu huandika agizo kwa herufi, akabonyeza Enter, na mashine ikatii bila kuuliza maswali mengi. Hapo neno halina wa kulisaidia.

Nasema haya kwa sababu hivi majuzi wanafunzi kadhaa wa kompyuta waliniletea mwongozo waliouandika wakitaka niukague Kiswahili chake. Unafundisha jinsi ya kuweka, kutunza na kuondoa programu katika Ubuntu kwa kutumia apt, chombo kilichotoka kwa watu wa Debian. (Jina Ubuntu lenyewe ni jamaa yetu: ni neno la Kizulu na Kikhosa ambalo kwetu ni “utu”.) Sarufi ya mwongozo ni safi, na juhudi yenyewe ni ya kutiwa moyo. Hata hivyo, mtu akiufuata neno kwa neno ataiacha kompyuta yake wazi kwa wadukuzi huku akiamini kuwa ameifunga.

Nitaeleza. Katika apt kuna amri mbili, update na upgrade. Ya kwanza haibadilishi programu hata moja. Kazi yake ni kwenda kwenye hazina zilizoko mtandaoni na kuleta orodha mpya ya programu zilizopo na matoleo yake. Ya pili ndiyo huyaleta matoleo mapya na kuyaweka mahali pa yale ya zamani, pamoja na viraka vya usalama. Ya kwanza ni kama kusoma bei zilizobandikwa dukani, ya pili ni kununua. Mwongozo umeziita zote mbili “sasisha”. Msomaji anaandika amri ya kwanza, anaona mistari ikiteremka kwenye skrini, anaambiwa amesasisha, anaenda zake kulala. Programu zenye matundu bado zimo vilevile.

Wapo watakaodai kwamba kosa ni la neno “sasisha”, tuunde jingine. Mimi sikubaliani nao. “Sasisha” limeundwa vizuri: sasa, kiambishi cha kusababisha, basi. Ni kukifanya kitu kiwe cha sasa. Swali ni: kitu gani? Kitenzi hiki ni elekezi, kinadai yambwa. Kiingereza cha mstari wa amri hukiacha kitenzi peke yake kwa kuwa kina maneno mawili ya kutofautisha vitendo. Sisi tukiiga uchi huo tukiwa na neno moja, tumeumia. Sasisha orodha, kisha sasisha programu. Yambwa ikitajwa, utata umekwisha, wala hatuhitaji kuitisha kikao cha kuunda istilahi. Cha kuchekesha ni kwamba vijana wa Nairobi wanaoulizana “ushaapdeti?” na kujibiwa “zii, nimeapgredi kabisa” hawajikwai hapa. Sheng yao imehifadhi tofauti ambayo Kiswahili sanifu cha mwongozo kimeifuta.

“Sakinisha” nalitetea kwa moyo wote. Lina mzizi mmoja na “maskani”, na kusakinisha programu ni hasa kuipa makao: faili zake hugawanywa, kila moja ikapelekwa mahali pake, na jina lake likaandikwa katika daftari la mfumo. Kinyume chake ndicho kinatusumbua. Pakia hugeuka pakua, funga hugeuka fungua, lakini “sakinua” inakwaruza sikio. Mwongozo umetumia “ondoa”, nami naridhika, ila umelitumia kwa remove na purge sawia. Remove huiondoa programu na kuyaacha mafaili ya mipangilio ya mfumo, ili ukiirudisha ikukute ulivyoipanga. Purge huyafagilia mbali hayo pia. Mpangaji aliyehama na kuacha fanicha si sawa na aliyehama na kila kitu. “Ondoa” na “ondoa na mipangilio yake” zingetosha.

Kosa lililoniuma zaidi, kwa sababu hapa Kiswahili kina utajiri ambao wenyewe tumeudharau, ni “vitegemezi”. Programu nyingi haziwezi kufanya kazi bila nyingine, na apt huzisakinisha hizo nyingine pia. Mwongozo unaziita vitegemezi. Lakini mtegemezi ni anayetegemea! Mtoto ni mtegemezi wa mzazi, si kinyume chake. Kinachotegemewa ni tegemeo, na kila mtu aliyewahi kuitwa tegemeo la familia anaijua tofauti hiyo mfukoni mwake.

Mwelekeo huo una uzito. Machi 2016 mtayarishaji programu mmoja aliondoa kwenye hazina ya npm kijiprogramu chake kilichoitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kujaza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Kwa saa kadhaa programu zilizojengwa juu yake, ikiwemo Babel inayotumiwa na watengenezaji wengi wa tovuti, zilikataa kusakinishwa. Ukiita left-pad kitegemezi, kisa hiki hakieleweki, maana kuondoka kwa mtegemezi hakumwangushi mtu. Lilikuwa ni tegemeo.

Ndiyo maana pia siafiki ukurasa wa mwisho, unaoeleza autoremove kuwa inafuta “programu mayatima”. Taswira hiyo ni ya Kiingereza. Yatima wetu amefiwa na aliyemtegemea. Amri hii huondoa programu zilizoletwa kama mategemeo na ambazo sasa hazina tena anayezitegemea. Zinamfanana zaidi mzazi ambaye watoto wote wamehama boma. Waandishi wangeandika tu “mategemeo yasiyohitajika tena”. Ni maneno matatu, marefu kuliko moja, lakini anayeyasoma atajua ni nini kinachofutwa kabla hajabonyeza Enter.