Heko kwa Wanaoijaribu Baridi Wakiwa Pwani

Katika nyanda za Njombe, Juni na Julai, jalidi huweza kuunguza majani ya viazi kwa usiku mmoja. Mkulima wa Kichiwa, huko Njombe, anahitaji kipimajoto kinachosema kweli usiku huohuo. Ndiyo maana nawapongeza kwa moyo wote wanaoandika majaribio ya programu za vitambuzi.

Tuchukue kipimajoto DS18B20, ambacho mafundi wengi wanakifahamu. Joto likiwa nusu digrii chini ya sifuri, hutoa biti 16 ambazo, programu ikisahau alama ya kutoa, husomeka 4095.5. Kikiwashwa tu, kabla hakijapima, hujibu 85. Mtaalamu wa Dar es Salaam, mji usiojua jalidi, hawezi kungoja baridi imfichulie kosa hilo la alama ya kutoa. Hukitenga kipande cha programu kinachogeuza biti kuwa digrii, hukilisha namba za baridi kwenye kompyuta yake, kisha hudai jibu liwe -0.5. Jibu likienda kombo, programu haiingii kwenye kifaa.

Mradi wa WIMEA-ICT, uliounganisha Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na vyuo vikuu vya Makerere, Juba na Bergen, ulibuni vituo vya hali ya hewa ambavyo vitambuzi vyake huwasiliana bila waya. Kituo cha namna hiyo kikiwa mbali na lami, kurekebisha mstari mmoja wa programu ni safari nzima, tena kwenye matope.

Heko kubwa zaidi nampa anayejaribu hali ya betri kuzimika katikati ya kutuma taarifa. Wengi hulisahau jaribio hilo, na kipimo kilichokatika njiani huweza kupokelewa kama kipimo kamili.