Nusu ya Maji, Siku ya 11

Ule mpira wa kunyonyea maji haukupaswa kuguswa siku ile. Video za fundi na lile tangi lake la maji ya bahari, la lita 400, tumezitazama sote, na wengi mmenipigia simu mkisema vitatange wake waliuawa na mawe. Mawe hayana hatia. Yamekaa juu ya kioo chenyewe, mchanga umemwagwa baadaye, pampu ziko mahali pake. Kazi safi.

Sasa rudini siku ya 11. Tangi halina samaki hata mmoja. Kamba mbichi amelala mchangani tangu siku ya kwanza, aoze atoe amonia. Fundi anapima: amonia imeanza kushuka, nitriti imefika miligramu 2 kwa lita. Mtu aliyewahi kuivisha tangi angetabasamu hapo, maana kundi la kwanza la bakteria limeshika kazi na la pili ndio kwanza linakusanyika. Yeye akaona kichupa kimegeuka zambarau, akatangaza kwamba maji yameharibika, akamwaga lita 200.

Lita 200! Hizo ni karibu kilo 7 za chumvi ya kununua, zote mtaroni, pamoja na chakula cha bakteria aliokuwa akiwangoja. Bakteria wenyewe wengi wao wameng'ang'ania mawe na mchanga, kwa hiyo hakuwafukuza. Aliwalaza njaa. Kisha akawamiminia maji aliyoyakoroga ndooni nusu saa tu kabla, yangali na ukungu wa chumvi ambayo haijayeyuka, bila kuyapima. Maji mapya hukorogwa na pampu usiku kucha, yakafikia nyuzijoto 25 au 26 na kusoma 1.025 kwenye kipimo cha chumvi, ndipo yakaingia. Hilo nimeliandika hapa mara ngapi?

Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Jioni alipima tena, nitriti ikasoma 1, akafurahi kwamba maji yamepona. Namba haikushuka kwa kuliwa na bakteria. Ilishuka kwa sababu ameizimua. Kama kamba angeachwa aendelee kuoza, na maji yakaachwa yalivyo, kipimo kingemwambia ukweli wiki kwa wiki. Alikifumba mdomo mwenyewe, kisha akakiamini.

Siku ya 14 akatia vitatange watatu kwa mpigo, samaki ambao hata tangi la mwaka mzima hulitaabisha. Siku ya 16 amonia ikasoma 1. Hapo ndipo maji yalipotakiwa kubadilishwa, saa ileile, na tena kesho yake, kwa kuwa ndani mna viumbe wanaopumua, na katika maji ya bahari, ambayo pH yake ni kama 8.2, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka sumu kuliko kwenye maji matamu. Mkamsikia akijibu kwamba amekwisha kubadilisha juzi. Tangi tupu lilipata maji mapya, tangi lenye samaki likanyimwa.

Tofauti hiyo si ngeni. Anna Thynne alileta matumbawe London kutoka Torquay mwaka 1846, ndani ya mtungi. Mwanzoni alibadilisha maji ya bahari kila siku ya pili, maana matumbawe yalikuwa hai tayari na hakuwa na njia nyingine. Maji yalipopungua, akaagiza yaleyale yamiminwe huku na huku mbele ya dirisha ili yaingie hewa, na matumbawe yakaishi. Lee Chin Eng wa Jakarta, mwaka 1961, aliwaonyesha wafugaji wa samaki kwamba mawe yenye uhai na mapovu ya hewa yanatosha kuliendesha tangi. Hawakuwa na vichupa vya rangi. Walikuwa na subira na macho.

Mzee aliyenifundisha mimi, Mji wa Kale, Mombasa, alichota maji nje ya mwamba wakati wa bamvua, maji yakijaa, na hakuchota kabisa mkononi mwa bahari baada ya mvua za masika. Aliyaweka kwenye mapipa yaliyofunikwa gizani hadi uchafu utue. Pia alitukataza kujazia kwa maji ya chumvi pale tangi linapopungua kwa jua. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Jazia matamu. Fundi wetu kajazia ya chumvi siku ya 5, ya 8 na ya 10, na hakuna aliyemkemea.

Alipaswa kungoja amonia na nitriti zote zisome sifuri siku kadhaa mfululizo, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6, nitrati ikiwa imepanda. Hapo amwage hiyo nusu aliyoipenda, ishushe nitrati, kisha aingize samaki mmoja mgumu. Baada ya hapo asilimia 10 kwa wiki inatosha.

Nimesikia Jumamosi anataka kuanza upya, atoe mawe yote ayasugue kwa maji ya bomba. Tafadhali, anayemfahamu amwahi. Mawe yale yamekaa majini mwezi na nusu na bakteria wengi wako pale. Ayaache ndani, atie maji mapya yaliyopimwa, na aweke kamba mwingine mchangani.