Sifa Zisizotambua Kazi: Kufifia kwa Nyota Chipukizi baada ya Rebelle (2012) na Queen of Katwe (2016)

Ikisiri

Makala haya yanajadili kwa nini safari ya kisanaa ya mwigizaji chipukizi hufifia baada ya filamu yake ya kwanza kupata sifa za kimataifa. Mifano iliyotumika ni Rachel Mwanza wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika filamu ya Rebelle (2012), na Madina Nalwanga wa Uganda katika Queen of Katwe (2016). Hoja kuu ni kwamba kufifia huku hakutokani na upungufu wa kipaji. Mbegu yake imo katika namna waigizaji hawa walivyosifiwa: walisifiwa kwa jinsi walivyo, na kazi waliyoifanya ikaachwa bila jina. Sifa ya namna hiyo haiwezi kugeuka kuwa mkataba wa pili. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza mabadiliko katika uhakiki na katika sera za filamu za nchi jirani.

1.0 Utangulizi

Mwezi Februari 2012, jopo la majaji la Tamasha la Filamu la Berlin, likiongozwa na mwongozaji Mwingereza Mike Leigh, lilimtunuku Rachel Mwanza tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwigizaji bora wa kike. Wakati huo alikuwa msichana wa umri wa shule. Alikuwa ameishi mitaani Kinshasa baada ya kushutumiwa uchawi utotoni, jambo alilolieleza mwenyewe baadaye katika kitabu chake Survivre pour voir ce jour (2014). Mwaka huohuo wa 2012 alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Tribeca, New York, na mwaka 2013 akapata ile ya kitaifa ya Kanada. Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Kim Nguyen, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.

Wachache katika bara hili wameanza kwa kishindo kama hicho. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata Mwanza hakupata tena nafasi ya mhusika mkuu katika filamu iliyovuma kwa kiwango hicho. Miaka minne baadaye Madina Nalwanga aliinuliwa na kampuni ya Disney kuwa mhusika mkuu wa Queen of Katwe, na mkondo wake ukafanana na huo. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wapo wanaoelekea kuyaeleza mambo haya kwa methali hiyo: kwamba sifa humlevya kijana akaharibu kazi. Katika mifano hii miwili maelezo hayo hayana ushahidi. Mgema hakutia maji. Hakuletewa tena mnazi wa kugema.

2.0 Mkabala wa Uchambuzi

Mjadala unaongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni la Richard Dyer, ambaye tangu kitabu chake Stars (1979) amesisitiza kwamba nyota wa filamu hutengenezwa. Nyuma ya sura inayopendwa kuna kazi, mtaji na taasisi. Kwa mkabala huu, nyota asiyeendelea kung’aa huashiria taasisi ambazo hazikuwapo, au zilizokuwapo zikamwacha.

La pili ni la mhakiki Mfaransa André Bazin. Akiandika mwaka 1948 kuhusu sinema ya uhalisia ya Italia, Bazin alisifu uchanganyaji wa waigizaji wazoefu na watu wasiowahi kuigiza. Aliona, hata hivyo, kwamba mchanganyiko huo haudumu, kwa kuwa upya wa mtu asiyewahi kuigiza hutumika na kwisha katika filamu moja. Alilitaja hilo kama sharti la kisanaa. Likisomwa upya kutoka Kinshasa au Kampala, linageuka kuwa sharti la ajira: mwigizaji ambaye thamani yake ni kutowahi kuigiza huipoteza thamani hiyo siku ileile anapoigiza. Nadharia iliyomfungulia mlango ndiyo iliyoandika tarehe ya kuufunga.

3.0 Rachel Mwanza na Kazi Isiyoonekana katika Rebelle

Rebelle inamhusu Komona, msichana wa nchi isiyotajwa, anayetekwa na waasi na kulazimishwa kuwapiga risasi wazazi wake. Hadithi imegawanywa kwa umri wake, miaka 12, 13 na 14, na anaisimulia mwenyewe kwa mtoto aliye tumboni mwake. Mwongozaji aliipiga picha kwa mfuatano wa matukio, bila kuwapa waigizaji muswada mapema. Mbinu hii ilitajwa mara nyingi katika mapokezi ya filamu, na kutokana nayo ikajengeka dhana kwamba Mwanza hakuigiza, bali alinaswa na kamera akiwa yeye mwenyewe. Historia yake ya mtaani ikakamilisha dhana hiyo, hasa kwa kuwa Komona naye huitwa mchawi na waasi. Msichana aliyeitwa mchawi amecheza msichana anayeitwa mchawi. Ni nini tena cha kujadili?

Uchambuzi wa filamu yenyewe unaonyesha vingine. Katika tukio la kuuawa kwa wazazi, Mwanza halii. Anaufanya uso wake uwe mzito na mtulivu, na uzito huo anaubeba katika sehemu yote ya kwanza, hata hofu ya mtazamaji ikahamia kwenye yale ambayo uso hausemi. Katika sehemu ya pili, Komona anapotoroka na kijana aitwaye Magicien na kumtaka amletee jogoo mweupe kama sharti la kumwoa, mwili wote unabadilika. Mabega yanalegea, hatua zinakuwa nyepesi, kicheko kinatoka. Mtazamaji anatambua hapo tu kwamba alikuwa akimtazama mtoto. Magicien anapouawa, utulivu wa mwanzo unarudi, lakini sasa una hasira ndani yake. Mwigizaji amejenga aina mbili za ukimya, ule wa hofu na ule wa uamuzi, na mtazamaji anazitofautisha bila kuelezwa kwa maneno.

Kufichwa kwa muswada hakupunguzi kazi hii. Asiyejua kesho ya mhusika wake anapaswa kukumbuka kwa usahihi jana yake, ili hali ya mwili na sauti isikatike kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Isitoshe, Mwanza alikuwa amekwisha kuonekana katika Kinshasa Kids ya Mbelgiji Marc-Henri Wajnberg, filamu nyingine ya watoto wa mtaani wa jiji hilo. Kamera haikuwa kitu kigeni kabisa kwake. Alikuwa mwanafunzi wa kazi hii, na dunia ikasisitiza kwamba hajui anachokifanya.

Matokeo yake ni ya kivitendo. Anayetafuta mwigizaji kwa filamu nyingine hununua uwezo wa kuwa mtu mwingine: mwalimu, muuguzi, mke wa mfanyabiashara, malkia. Iwapo uhakiki wote umemhakikishia kwamba huyu aliweza kuwa yeye mwenyewe tu, hana sababu ya kumwita hadi patakapohitajika msichana mwingine wa mtaani. Na siku hiyo atatafuta aliye mpya zaidi.

Kuna pia suala la mahali sifa zilipowekwa. Rebelle ilipigwa picha Kongo, ikabebwa na waigizaji wa Kongo, lakini iliingia kwenye Oscar kwa jina la Kanada, nchi ya watayarishaji wake. Hilo ni halali kwa kanuni za tuzo. Lakini lina maana kwamba umaarufu wa Mwanza ulihifadhiwa katika tasnia ambayo haikuwa na nafasi nyingi za msichana Mkongo, huku Kinshasa kwenyewe majumba mengi ya zamani ya sinema yakiwa yamegeuzwa makanisa. Huko alikokuwa na jina hakukuwa na nafasi yake. Nyumbani hakukuwa na tasnia ya kulipokea jina hilo.

4.0 Queen of Katwe: Wanawake Wawili katika Fremu Moja

Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair, inasimulia maisha ya Phiona Mutesi, mchezaji wa sataranji kutoka mtaa wa Katwe, Kampala. Madina Nalwanga, aliyepatikana katika darasa la dansi mjini humo, alicheza nafasi ya Phiona. Lupita Nyong’o wa Kenya alicheza nafasi ya mama yake, Harriet. Filamu hii ni kama jaribio lililoandaliwa makusudi: waigizaji wawili wa Afrika Mashariki, katika matukio yaleyale, chini ya mwongozaji yuleyule, wenye njia tofauti nyuma yao.

Nalwanga hazidiwi katika matukio hayo. Mwili wa mchezadansi unaonekana katika namna anavyokaa mbele ya ubao wa sataranji, mgongo ukiwa umenyooka na macho yakitangulia mkono. Kufikiri ni jambo gumu kuonyesha katika filamu, naye analionyesha. Pale Phiona anaposhindwa katika mashindano ya Urusi, anguko linaanza machoni kabla halijafika mdomoni.

Tofauti iko nje ya fremu. Kabla ya 12 Years a Slave (2013) kumpatia Oscar, Nyong’o alikuwa amefanya kazi ndogondogo katika utayarishaji wa The Constant Gardener (2005), ametengeneza filamu ya hali halisi, ameigiza katika tamthilia ya televisheni ya Shuga jijini Nairobi, na amehitimu shule ya uigizaji ya Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2012. Tuzo ilimkuta ana ngazi chini ya miguu. Nalwanga aliwekwa moja kwa moja kwenye kipago cha juu, na filamu ilipokwisha ngazi ikarudishwa kwa wenyewe. Tena, kwa bajeti iliyotajwa kuwa dola milioni 15, filamu iliingiza takriban dola milioni 10 katika majumba ya sinema. Kwa kampuni kubwa hayo ni matokeo ya hesabu tu. Kwa msichana ambaye hiyo ndiyo filamu yake pekee, ni hukumu.

Filamu yenyewe ina jibu ambalo wengi hawakulisoma. Katika sehemu ya mwisho, waigizaji wanasimama kando ya watu halisi waliowaigiza. Nalwanga na Mutesi wanaonekana pamoja, nao ni watu wawili. Picha hiyo inathibitisha kwamba kati yao palikuwa na kazi. Lakini katika masimulizi ya kuitangaza filamu, habari iliyorudiwa ilikuwa ya msichana aliyewahi kuuza mahindi barabarani akawa nyota. Ni habari njema. Inamweleza mtu aliyebahatika, na haimwelezi mtu anayeweza.

5.0 Pingamizi Mbili

Inaweza kudaiwa, kwanza, kwamba mwigizaji halazimiki kuendelea. Pengine alipendelea masomo, familia au shughuli nyingine, na filamu moja kubwa inatosha maishani. Hoja hii ni nzito, na inaonya dhidi ya kuwazungumzia wasichana hawa kama watu walioshindwa. Lakini kuacha ni uamuzi pale tu palipokuwa na njia ya kuendelea. Pasipo na shule ya uigizaji, wakala wala filamu ya pili, kukaa nyumbani hakuonyeshi mtu alipendelea nini.

Pili, inaweza kudaiwa kwamba waigizaji watoto hufifia kila mahali, hata Hollywood. Ni kweli. Hata hivyo, penye tasnia imara anayefifia huwa na chama cha wafanyakazi, kumbukumbu ya kazi zake na malipo ya marudio ya filamu. Huanguka, ila kuna kitu chini yake.

6.0 Mapendekezo

Kwa wahakiki, jukumu ni la lugha. Maneno kama “kipaji cha kuzaliwa nacho” na “hakuigiza, alikuwa yeye” yatumiwe kwa tahadhari. Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kueleza kazi ya mwigizaji: ukimya, mwendo, upandishaji na ushushaji wa sauti, mtazamo, mapigo ya pumzi. Mhakiki anayevitaja humwachia mwigizaji ushahidi wa uwezo wake, na mwongozaji mwingine anaweza kuusoma na kuutumia.

Kwa washauri wa sera, mahali pa kuanzia ni kibali cha kupiga picha. Sheria za filamu katika ukanda huu, kama ile ya Tanzania ya mwaka 1976, kwa muda mrefu zimeweka uzito kwenye vibali na maudhui: filamu inaonyesha nini, na nani anaruhusiwa kuitazama. Inafaa kuongeza swali la tatu: nini kitatokea kwa aliyeibeba? Kampuni ya kigeni inayomchukua kijana wa hapa kuwa mhusika mkuu itakiwe kuwasilisha mkataba wenye mambo matatu: ada ya masomo, nafasi katika mafunzo ya uigizaji baada ya filamu kukamilika, na mgawo wa mapato ya baadaye. Kwa kuwa mafunzo hayo hayapatikani katika kila nchi, nchi jirani zinaweza kutambuana, ili kijana wa Kinshasa apokewe na chuo cha Dar es Salaam, Kampala au Nairobi, na mwongozaji wa Nairobi ajue kwamba yupo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Rachel Mwanza na Madina Nalwanga walifanya kazi inayochambulika, na kwamba sifa walizopewa ziliificha kazi hiyo nyuma ya historia za maisha yao. Ukosefu wa tasnia ya kuwapokea ulikamilisha kile ambacho uhakiki ulikianza. Sehemu ya uhakiki inaweza kurekebishwa bila bajeti wala sheria mpya. Sehemu ya sera inahitaji serikali zikubali kwamba kijana anayeibeba filamu mabegani mwake ni mfanyakazi, na zimwandike hivyo katika kibali kabla kamera haijawashwa.