Chale za Mti

Nilikwenda Larressore kununua fimbo, nikarudi mikono mitupu. Larressore ni kijiji cha Wabaski, upande wa Ufaransa, si mbali na mji wa Bayonne. Huko ukoo wa Ainciart Bergara umerithishana kazi ya kutengeneza makila tangu kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa. Makila ni fimbo ya kutembelea, nayo ina siri. Fungua mpini, uvute: chini yake inachomoza ncha ya chuma, kali kama ya mkuki.

Lakini kilichoniteka si chuma, ni mti. Fundi haanzii karakanani. Majira ya kuchipua huingia msituni, akachagua tawi la mti ambao Wabaski huuita mizpira, akalichanja gome lingali hai. Halikati. Huliacha lijiuguze lenyewe, utomvu uzibe majeraha, makovu yatune kama chale za usoni. Baridi ikifika ndipo hulikata, akalipasha tanuruni, akalibambua, akalinyoosha kwa moto, kisha akaliweka likauke miaka. Pambo lote la fimbo ile ni jeraha lililopona.

Waingereza nao walikuwa na zao. Waungwana walipoacha kuning'iniza panga viunoni, baadhi yao walizificha ndani ya mikongojo. Tangu 1988 sheria yao imepiga marufuku kuuza fimbo hizo, isipokuwa zilizopita miaka 100, kana kwamba chuma nacho huzeeka kikastaafu.

Siku hizi mkongojo hununuliwa duka la dawa: wa alumini, unakunjwa, unatiwa mfukoni. Urefu wake hurekebishwa kwa kubonyeza kitufe, leo wako, kesho wa jirani. Ukipotea, hakuna anayeutafuta.

Marehemu babu alikuwa na bakora nyeusi. Akiingia msikitini aliiegemeza ukutani, juu ya viatu, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa, maana tuliamini ina upanga ndani. Siku moja, amelala mchana, niliunyonga mpini wake mpaka viganja vikaniwaka. Nilipoinua macho, alikuwa ananitazama. "Hamna kitu humo," alininong'oneza. "Ila usimwambie mtu."

Bakora hiyo ipo bado. Inazuia dirisha la jikoni lisijifunge. Ni ya mti gani, ilichongwa na nani, hakuna nyumbani ajuaye, wala mimi sikuuliza alipokuwa hai.

Larressore hawakuniuliza nina pesa ngapi. Waliniuliza kimo changu, jina langu, na usemi wa kuchongwa kwenye fimbo, maana makila hubeba neno la mwenyewe. Kimo nilikitaja, na jina. Kwenye usemi nikakwama. Nilitaka uwe wa babu, na neno lake pekee ninalolikumbuka ni lile alilonikataza kulisema.