Kuukagua Mto kwa Miguu: Jinsi ya Kutambua Kazi ya Fundi

Mto Kiwira, wilayani Rungwe nchini Tanzania, ukifika mahali paitwapo Kijungu hujitupa ndani ya shimo la mwamba, ukapotea machoni, kisha ukaibuka tena mbele. Mtu aliyeketi ndani ya kayaki, macho yakiwa juu kidogo tu ya maji, hawezi kuliona shimo hilo mapema. Aliyetangulia kwa miguu huliona akiwa amesimama salama ukingoni.

Kukagua mto kabla ya kuupigia kasia ni ufundi, na wilayani Rungwe anayelipua kazi hiyo anaweka roho za watu rehani. Kazi nzuri ina alama zake.

Ya kwanza ni mahali ukaguzi unapoanzia. Mlipuaji huanza juu, akashuka na mto huku akivutiwa na kila poromoko. Fundi huanza chini. Hutafuta kwanza mahali pa kutokea majini, palipo na maji yaliyotulia na gema linalopandika, ndipo apande kuelekea juu akijiuliza kila hatua: mpiga kasia akipinduka hapa, ataokolewa wapi?

Ya pili ni hesabu ya maji. Rungwe ni nchi ya volkano, na Daraja la Mungu, upinde wa mwamba wa lava uliovuka Kiwira, ni ushahidi kwamba maji ya huku yanajua kupita chini ya mawe. Kwa hiyo fundi hulinganisha maji yanayoingia kwenye miamba na yanayotoka. Akiwa na shaka hukata kipande cha mgomba, hukitupa juu ya poromoko na kukifuata kwa macho. Kikizunguka palepale chini ya maporomoko, maji hayo yanajirudi na yanaweza kumshika mtu. Kisipoonekana tena, huenda kimenasa chini ya mwamba, na njia hiyo haipitwi. Miti iliyolala mtoni nayo haidharauliwi: maji hupenya kati ya matawi, mwili haupenyi.

Ya tatu ni kina. Mji wa Tukuyu wilayani humo hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua iliyopiga Mlima Rungwe inaweza kuujaza mto huku kijijini jua linawaka. Mkaguzi makini hutafuta majani makavu yaliyonasa matawini, yanayoonyesha mafuriko yalifika wapi. Huchomeka kijiti ukingoni, usawa wa maji, akaendelea na kazi. Akirudi akakuta kijiti kimezama, safari huahirishwa.

Ya nne ni maswali. Baada ya shikamoo, fundi hamuulizi mzee kama mto ni hatari, maana jibu lake ni moja tu. Humuuliza masika maji hufika wapi, mti gani umeanguka karibuni, watu huvukia wapi. Mama anayechota maji hapo kila siku anajua mengi kuliko ramani.

Ya tano ni tarehe ya ukaguzi, iliyoandikwa kwenye maelezo ya njia. Huko Jinja, Uganda, bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, lilifunika maporomoko yaliyokuwa maarufu kwa wapiga kasia wa Nile. Maelezo yote ya sehemu ile yalikufa hapo hapo. Kiwira hauhitaji bwawa ili ubadilike. Gema likiporomoka usiku mmoja, njia ya jana imezibwa.

Mwishoni, usome maelezo yenyewe. Kushoto na kulia hutajwa kwa mtu anayetazama maji yanakoelekea, na kila poromoko lina uamuzi: pita, ngoja maji yapungue, au beba chombo. Penye kubeba, fundi huandika pia njia ya nchi kavu: utoke majini wapi, upite shamba la nani kwa ruhusa, na urudi mtoni wapi.