Fundi Bomba wa Preston

Bomba la risasi haliungwi kwa haraka. Fundi wa Kiingereza wa miaka ya 1930 alilikata kwa msumeno, akaisawazisha ncha kwa tupa, kisha akagongomelea ndani yake kipande cha mbao ngumu kilichochongoka hadi mdomo ukatanuka. Bomba la pili alilikwangua ncha ikawa nyembamba, likaingia humo sawasawa. Pale ambapo hakutaka lehemu ishike alipaka masizi yaliyochanganywa na gundi. Pale alipotaka ishike alikwangua kwa kisu kilichopinda hadi risasi ikang'aa, akaipaka shahamu upesi kabla hewa haijaifubaza. Ndipo lehemu ilipomiminwa kutoka kwenye upawa, kidogo kidogo, huku mkono mwingine umeshika kitambaa kizito cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa na kulowa shahamu, ukisubiri chini ya bomba.

Lehemu hiyo ni risasi mafungu mawili na bati fungu moja. Haigandi mara moja. Kwa kitambo kifupi inakuwa kama uji mzito, na katika kitambo hicho fundi anaizungusha na kuipangusa kwa kitambaa hadi kiungo kitoke kinene katikati na chembamba pande zote mbili, laini kisichokuwa na bonge. Ikimiminwa ya moto mno, inayeyusha bomba lenyewe. Akikawia, inaganda vibaya, inabidi aanze upya. Kazi yote iko katika kujua ni wakati gani wa kungoja na ni wakati gani wa kupitisha kitambaa.

Hiyo ndiyo fani aliyowekwa kujifunza Tom Finney, mtoto wa Preston, wakati huo mji wa viwanda vya pamba kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1922, jirani na Deepdale, uwanja wa klabu ya mpira ya Preston North End. Mama yake alifariki Tom angali mdogo sana, na baba, Alf, ndiye aliyebaki na watoto. Klabu hiyo ilipomtaka kijana huyu, Alf alikubali acheze, ila kusaini mkataba wa kulipwa kungengoja: kwanza ufundi. Mpira wakati ule haukuwa na pesa, na mguu ukivunjika hakuna wa kukulisha. Wazazi wengi wa kwetu wangesema maneno hayohayo. Wanaosikilizwa ni wachache.

Finney alikuwa wa mguu wa kushoto kwa kuzaliwa. Winga wa namna hiyo alipelekwa namba kumi na moja, basi, akamalizie maisha yake huko. Yeye aliufundisha mguu wa kulia kwa mazoezi ya kuurudia mpira uleule, pasi ileile, krosi ileile, hadi watazamaji wakashindwa kusema upi ndio mguu wake. Akawa winga wa kulia, namba saba. Taifa lilipomhitaji upande wa pili alihamia kushoto bila malalamiko. Mjini Lisbon mwaka 1947 Uingereza iliifunga Ureno mabao 10 kwa 0, winga mwenzake Stanley Matthews akiwa kulia na Finney kushoto, na kila mmoja wao alifunga.

Vifaa vyenyewe vilikuwa mzigo. Viatu vya ngozi vilipanda hadi juu ya kifundo cha mguu, njumu zake zimepigiliwa kwa misumari. Mpira nao ulikuwa wa ngozi, umefungwa kwa kamba, na mvua ikinyesha ulikunywa maji ukawa mzito. Kuutuliza mpira wa aina hiyo katika tope la Januari kulitaka mguu unaojua kupokea.

Katika filamu chache zilizobaki, mtu anaona jinsi alivyofanya. Hakimbilii nafasi iliyo wazi. Anaupeleka mpira kwa beki mwenyewe, taratibu, akiugusa hatua kwa hatua ili usitoke mbali na kiatu. Mabega yake yametulia. Beki anarudi nyuma, anarudi tena, hajui akinge upande gani, maana mtu huyu anaweza kutoka nje kwa kulia akamimina majalo, na anaweza kuingia ndani kwa kushoto akapiga shuti. Mwisho beki anachoka kungoja, anatia mguu. Mguu ukishatoka chini, mpira umeshahama, naye beki anabaki akigeuka. Wako wapiga chenga wanaofanya mambo mengi kwa mpira. Finney alifanya machache, na alimwachia mpinzani kazi ya kukosea.

Picha yake inayojulikana kuliko zote ilipigwa Stamford Bridge mwaka 1956, Chelsea wakicheza na Preston katika uwanja uliojaa maji. Finney anawapita mabeki katika dimbwi. Maji yamefumka pande zote kama pazia, kiasi kwamba ni rahisi kusahau kwamba kuna mpira mahali hapo. Ukimwangalia yeye lakini, macho yake yako kwenye mpira. Picha hiyo ndiyo iliyotumiwa na mchongaji Peter Hodgkinson kutengeneza sanamu iliyosimamishwa nje ya Deepdale mwaka 2004, nayo imewekewa maji yanayoruka kweli.

Vita vya Pili vya Dunia vilimlia miaka ya ujana. Alipelekwa Misri na Jeshi la Nane la Uingereza, baadaye akawa dereva wa kifaru nchini Italia, na mechi yake ya kwanza ya ligi rasmi aliicheza mwaka 1946, akiwa na miaka 24. Kuanzia hapo ni klabu moja tu: mechi 433 za ligi, mabao 187. Kwa taifa, mechi 76 na mabao 30. Mwaka 1952 Palermo ya Italia ilimpa ahadi ya pauni 10,000 za kusaini, nyumba na gari, wakati ambapo sheria ya ligi ya Uingereza ilizuia mshahara wa mchezaji kuvuka kiwango kidogo kilichowekwa. Viongozi wa Preston walikataa kumwachia. Alirudi mazoezini. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuandikwa jina na mwamuzi, yeye aliyepigwa mateke na kila beki wa kushoto nchini.

Aliendelea na mabomba yake. Pamoja na ndugu yake alianzisha biashara ya ufundi huo mjini Preston, na mji ukamwita fundi bomba bila dhihaka yoyote. Mwaka 1963, akiwa ameshastaafu na ana miaka 41, aliombwa kuichezea Distillery ya Belfast dhidi ya Benfica ya Eusébio, mwana wa Msumbiji, katika Kombe la Ulaya. Ikatoka sare ya 3 kwa 3.

Alimwoa Elsie mwaka 1945, wakapata mtoto wa kiume na wa kike. Elsie alipougua maradhi ya usahaulifu uzeeni, Finney alijiondoa katika shughuli nyingi za nje akamhudumia mwenyewe. Wanaouguza mgonjwa wa namna hiyo wanajua kazi yake: swali lilelile mara nyingi kwa saa moja, na kila mara lijibiwe kana kwamba ndilo la kwanza. Elsie alifariki mwaka 2004. Finney alimfuata tarehe 14 Februari 2014, akiwa na miaka 91.

Ubingwa wa ligi hakuupata. Mwaka 1953 Preston ililingana pointi na Arsenal, ikaukosa kwa wastani wa mabao. Kombe la FA nalo lilimponyoka katika fainali ya 1954. Anayetaka kupima thamani yake kwa vikombe atatoka mikono mitupu. Aangalie badala yake msimamo wa ligi wa 1960/61, msimu wa kwanza baada ya Finney kutundika daluga: Preston ilishika mkia, ikashuka daraja, na mpaka leo haijarudi.